Mwizi wa Karanga

Mdogo wangu wa kike ana jina la utani ambalo ukoo mzima unalijua: Mwizi wa Karanga. Mama yetu ndiye aliyempa. Kisa chenyewe kilitokea akiwa na miaka mitano, na leo ana mume, watoto wawili na nyumba ya kupanga Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, lakini akichelewa kufika kwenye sherehe lazima mtu aulize, "Mwizi wetu yuko wapi?" Watu hucheka, na yeye hucheka kuliko wote. Mimi pia nimecheka miaka yote hiyo, tena kwa sauti, ilhali karanga zile niliziiba mimi.

Nisingeandika haya kama si picha ya Mfaransa mmoja aliyekufa zamani. Aliichora kwa rangi za mafuta zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, na siku tuliyoiona ilikuwa imetundikwa ukutani Buffalo, mji ambao mimi nilikuwa nikiujua kwa theluji tu. Sikwenda kuitafuta. Mimi na picha hatujawahi kuwa na urafiki. Naishi Highview, kusini mwa Louisville, kwenye maghorofa yaliyo nyuma ya duka la matairi. Kazi yangu ni kufunga maboksi ghalani, na ukutani kwangu kuna kalenda ya kanisa na saa ya betri, basi.

Binti yangu ndiye aliyeleta maneno. Yeye anaishi North Buffalo, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, na alikuwa amepata siku mbili za mapumziko. Akanipigia simu, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba koko, yaani bibi yake, amefungiwa Gahanna kwenye kochi kama mgonjwa wakati haumwi popote. Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa kukasirika, hasa nikiambiwa jambo la kweli na mtu niliyemzaa. "Haya," nikamjibu, "namleta, umtembeze mwenyewe."

Ijumaa nikaendesha hadi Columbus, nikalala kwa mdogo wangu, na Jumamosi asubuhi nikamchukua mama tukashika njia ya kaskazini. Mama alikaa kiti cha nyuma, maana kiti cha mbele, kwa sheria zake, ni cha bwana wa nyumba hata kama bwana hayupo garini. Mapajani alipakata kopo la aiskrimu lililojaa sombe, yaani kisamvu, ya mjukuu wake. Mahindi ya Ohio yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua mafupi hadi mwisho wa macho, na kila baada ya dakika chache nilimsikia akiguna.

"Ile mahindi yenye inabakia chini, nani anaiokotaka?" akaniuliza.

"Hakuna, mama. Mashine inavuna, basi."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Bon," akasema, akaendelea kuyatazama mabua mpaka tulipoliona ziwa.

Niliwaza tungekula, tungelala kidogo, tungepiga picha na maji. Lakini binti yangu alikuwa na mpango wake, na mpango wenyewe ulikuwa jumba la sanaa. Nilimvuta pembeni nikamwambia mama hajui kusoma, atatazama nini mle? Akanijibu kwamba picha hazisomwi. Tukaenda.

Ndani kulikuwa kweupe na kimya, na sakafu ilikuwa safi kiasi kwamba nilijuta kuvaa viatu vya kazini. Mama mmoja wa Kizungu, mzee, mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, alikuwa anawaongoza wageni. Tukajiunga na kikundi chake, tukawa watu wanane. Akatupitisha vyumba viwili ambavyo sikumbuki chochote isipokuwa miguu iliyokuwa inaniuma, kisha akasimama mbele ya picha moja, si kubwa, upana wake kama meza ya watu wanne.

Ilikuwa picha ya shamba, tena shamba lisilo na lolote la kujivunia. Udongo wa kahawia, mabua yaliyokatwa, na anga kubwa la kijivu lililochukua zaidi ya nusu ya picha. Mbali kidogo, wanaume walikuwa wanapakia mavuno kwenye mkokoteni wa farasi. Upande wa kushoto, pale shamba linapoishia, walisimama wanawake wawili wadogo sana, huwezi kuwaona usipotafuta, na miguuni pao vikapu. Karibu nao kulikuwa na doa la kahawia, dogo kuliko kucha yangu. Mwongozaji alisema ni furushi la nguo.

Sakafuni mbele ya picha palikuwa na mstari wa kijivu, wa kukuonyesha usipite. Wageni wengine waliinama juu yake, pua karibu na fremu. Mama alipoufikia alisimama. Akaweka mkoba wake chini, kando ya mstari, akakunja mikono tumboni, akatulia. Mwongozaji akamwashiria asogee. Mama akanitazama mimi kwanza, kana kwamba shamba ni langu.

Hapo ndipo nilipohisi moto usoni, maana nilijua anafanya nini. Sikuwa nimeona mtu akisimama hivyo tangu Kigoma.

Sisi ni watu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Vita vilitutoa Kongo tukiwa wadogo, tukakulia kambini Tanzania, na ndiyo maana Kiswahili changu cha kuandika ni cha shule ya kambi, wakati cha mama kilibaki cha nyumbani. Wanavijiji waliopakana na kambi walilima karanga. Mwenye shamba aking'oa karanga, nyingine hukatikia udongoni, na hizo wanawake wa kambi waliachiwa wazitafute kwa jembe. Tuliita kuokoteza. Ilikuwa na utaratibu wake, na mama aliushika kuliko alivyoshika katekisimu. Unafika, unasimama mpakani. Unalaza jembe chini, na juu ya jembe unaweka kikapu kifudifudi, mwenye shamba aone kwamba hukuja na kitu na hujachukua kitu. Halafu unangoja. Utangoja jua likuwakie utosini, lakini hukanyagi udongo wake mpaka amalize kupakia, ageuke na kusema, "Haya, akina mama."

Nilikuwa na miaka kumi, na siku hiyo nilichoka kungoja. Nikazunguka nyuma ya kichuguu, nikaingia shambani kwa upande wa pili, nikafika kwenye lundo ambalo halijapakiwa. Hata masalia hayakuwa. Nikala mbichi, na udongo wake, haraka haraka, mpaka taya zikauma. Nikarudi kwa kupitia majanini, na kwa kuwa nilimpenda mdogo wangu, au kwa kuwa nilitaka mwenzangu katika kosa, nikamtia karanga tatu mkononi. Yeye alizitupa mdomoni na maganda yake.

Mwenye shamba aliona lundo limetifuliwa, akaona nyayo za mtoto. Akaja mpaka mpakani walipojipanga mstari wanawake kama kumi, akauliza, "Mtoto wa nani kaingia?" Mimi nikanyoosha kidole. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama nilifikiri kwanza, na ukweli ni kwamba nilifikiri. Niliona mdomo wa mdogo wangu unatafuna, nikajua utanisaidia. Nikasema, "Ni huyu."

Mama akamfungua mdomo kwa vidole viwili. Maganda yalikuwa bado kwenye ulimi.

Yule baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, wewe nilikuwa nakuheshimu," akaokota jembe la mama akaondoka nalo, kisha akawafukuza wanawake wote. Jembe lile mama alilivua mpini siku tuliyokimbia, akalifunga ndani ya kitenge, akavuka nalo ziwa. Hakuwa ameleta kingine kutoka nyumbani. Jioni alimchapa mdogo wangu kwa kijiti cha muhogo, naye alilia bila kukana, maana aliulizwa kama alikula karanga, na kweli alikula. Msimu wote uliobaki wale wanawake hawakumpitia mama walipokwenda kuokoteza. Alibaki kizingitini akichambua mchele wa msaada, punje kwa punje, na mimi nilikuwa namtazama.

Utani ulikuja baadaye sana, tulipokuwa tumeshiba, tuko Marekani. Nadhani mama alitaka kuligeuza jambo lile libebeke. Alianza kulisimulia kwenye sherehe, akiigiza mashavu ya mdogo wangu yalivyojaa, na watu walishika mbavu.

Turudi Buffalo. Mwongozaji alikuwa amezungumza muda mrefu juu ya anga: jinsi mchoraji alivyolipa nafasi kubwa, jinsi alivyoacha kuchora wafalme na malaika akachora udongo na watu wa kawaida, jinsi wanawake wale wanavyopumzika baada ya kazi ya siku. Kisha akamuuliza kila mtu anaona nini. Mmoja alisema amani. Mwingine alisema upweke. Zamu ya mama ilipofika, binti yangu akamtafsiria swali.

"Hawa bamama habapumzike," mama akasema. "Banangoja kuitwa. Angalia, bale banaume bado banapakia. Na kikapu, angalia kikapu, mudomo iko chini. Hii picha, mwenye kuichora alikuwa anajua."

Mwongozaji akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu. "Mama yako anasemaje?"

"Anasema anga ni zuri sana," nikajibu.

Sijui niseme nini cha kujitetea. Niliona aibu ya kuingia kwenye chumba cheupe namna ile na kuanza habari za kuokota masalia mbele ya watu waliosema amani na upweke. Niliona aibu ya mkoba wa mama sakafuni. Na chini ya aibu hizo mbili kulikuwa na ile ya zamani, inayojua kwamba mama akianza na mpaka wa shamba hatasimama mpaka afike kwenye karanga.

"Hakusema hivyo," binti yangu akasema kwa Kiingereza, akinitazama mimi. Kisha akatafsiri neno kwa neno.

Mwongozaji alivaa miwani yake, akainama mpaka nikafikiri atamgusa mmoja wa wale wanawake. Kikapu kimoja kweli kilikuwa kimeangalia chini. Huenda mchoraji alilipenda tu umbo lake, sijui. Lakini mwongozaji alinyanyuka taratibu akasema kwamba hata Ufaransa ya zamani ilikuwa marufuku kuokota kabla mavuno hayajaondolewa shambani, kwamba alilijua hilo siku zote, na bado kwa miaka mingi amewaambia watu wanawake hawa wanapumzika. Akamwomba mama aeleze zaidi.

Mama akaeleza. Akasimulia yote, mpaka, lundo, nyayo, jembe, mbele ya watu saba, akiigiza mashavu yaliyojaa, na binti yangu alitafsiri vizuri, bila kupunguza wala kuongeza, kwa sababu ni mtu mkweli. Alisema "mama yangu mdogo ndiye aliyeiba." Alisema "alikuwa na miaka mitano." Uongo wangu ukatoka kinywani mwa mtoto wangu ukiwa safi, kwa Kiingereza kizuri. Mwongozaji akacheka, akauliza kama mwizi huyo aliacha tabia.

"Mwambie sasa njo yeye anashikaka funguo ya kanisa!" mama akasema, na wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Baadaye nilikwenda kunawa uso, nikakaa chooni muda mrefu. Binti yangu akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Nikamwambia ni sombe.

Njia yote ya kurudi Columbus, Jumapili, mama alishika kadi ya posta yenye picha ile, zawadi ya mjukuu wake. Aliigeuza, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. "Hii nitamupa mwizi wangu," akasema. Nilikuwa na zaidi ya saa tano za kusema neno moja, na barabara imenyooka, na sisi wawili tu garini. Nilizungumza juu ya hali ya hewa. Nilisimama mara mbili kutia mafuta wakati tangi halikuhitaji.

Tulifika Gahanna mchana. Mdogo wangu alikuwa jikoni, bado amevaa nguo za kanisani, funguo zimening'inia shingoni kwa utepe, anakoroga bugali. Ni mtu ambaye kwenye foleni ya chakula kanisani husimama wa mwisho, kila mara, na wageni humsifu. Ghalani anakofanya kazi walimpa ukubwa wa zamu kwa sababu hajawahi kugusa kisicho chake. Mama akampa kadi. Yeye akafuta mikono, akaitazama, na alipoelewa akapiga ukelele wa furaha akawaita watoto wake.

"Kujeni muione! Hapa njo mpakani. Mama alitufundishaka kungoja hapa. Na mi nikashindwa kungoja, mi nikaingia, nikaiba karanga, na mama akapoteza jembe juu yangu. Njo maana nawaambiaka, kitu ya mutu hatugusake."

"Tunajua," mtoto mkubwa akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na koti langu. Nilifahamu kwamba nikinyamaza hapo, watoto hawa nao watawasimulia watoto wao, na haitakuwa na mwisho.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Nikawaeleza. Sikueleza vizuri. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma kwenye kichuguu, nikalia, nikajikasirikia kwa kulia, kwa sababu kulia ni namna ya kuomba uhurumiwe na mimi sikustahili. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni. Alifungua mkono wake wa kulia akavitazama vile vidole viwili vilivyofungua mdomo siku ile, akakaa anavitazama.

Mdogo wangu alizima jiko. Nilitegemea matusi, nilikuwa nayataka. Yeye akatikisa kichwa, akanizungumzia kwa upole kama mtu anayemtuliza mgonjwa, akiniita yaya, kama anavyoniita tangu utoto, mimi nikiwa mkubwa wake.

"Hapana, yaya. Ni mimi. Mi niko nakumbuka. Nakumbuka kichuguu. Nakumbuka ile lundo. Hata utamu yake mi niko nakumbuka."

"Kichuguu nimekutajia mimi. Lundo alikusimulia mama. Utamu ni wa karanga tatu. Mimi nilikupa."

Alitaka kubisha. Niliona anatafuta, macho yake yakienda huku na huku juu ya sakafu, na niliona alivyofika mahali pakavu akakosa cha kushika. Nilikuwa nimedhani nimembebesha kosa tu. Sikujua kwamba alilichukua akalijengea nyumba, akaishi ndani yake kwa heshima, akawalea wanawe humo, na sasa nilikuwa nimeingia tena bila kuitwa.

Akakaa chini, karibu na magoti ya mama. Alishika kadi kwa mikono yote miwili.

"Alors," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kama si mimi, ile siku mi nilikuwaka wapi?"

Aliyejua nilikuwa mimi peke yangu, kwa kuwa wakati natambaa kutoka majanini niliwaona yeye na mama kwa nyuma, kabla hawajaniona. Nikapiga magoti. Nikanyoosha kidole, kile kile, nikakiweka juu ya kadi upande wa kushoto, pale shamba linapoishia, kwenye lile doa la kahawia ambalo mwongozaji alisema ni furushi.

"Hapa," nikamwambia. "Umeshika nguo ya mama. Ulikuwa unangoja kuitwa."